Ahadi ni Deni: Masomo Matatu kwa Mwenye Biashara Ndogo

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa hapa Mombasa wanaotaka kufungua biashara ni la mtaji. Nina elfu ishirini, nifanye nini? Nina laki moja, niuze abaya au nifungue kibanda cha juisi? Ni swali la haki, kwani mkono mtupu haulambwi. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo, kuanzia Majengo mpaka Likoni na Mtwapa, biashara nilizoziona zikifa kwa kukosa mtaji ni chache kuliko zile zilizokufa zikiwa na wateja mlangoni.

Zilikufa kwa sababu mteja aliambiwa nguo yake itakuwa tayari Alhamisi, akaja Alhamisi, akaambiwa arudi Jumamosi. Zilikufa kwa sababu kijana aliyeachiwa duka alimjibu mama wa watu kama anayemfukuza. Zilikufa kwa sababu picha ya mtandaoni ilionyesha kitu kimoja na mfuko ukaja na kingine.

Mambo haya kwa kawaida tunayatenga. Maadili tunawaachia watoa mawaidha, kuajiri tunawaachia jamaa, na mitandao tunamwachia mtoto wa nyumbani anayejua simu. Mimi nayaona ni jambo moja. Biashara ni ahadi. Maadili ni kuamua utaahidi nini. Kuajiri ni kuchagua nani ataitimiza ahadi hiyo ukiwa hupo. Mtandao ni mahali unapoitamka mbele ya watu wengi kwa wakati mmoja. Ukiharibu kimoja, viwili vilivyobaki havikuokoi. Na sisi tuliokulia pwani tunajua usemi kwamba ahadi ni deni, ijapokuwa wengi tunaukumbuka tunapodai tu, si tunapodaiwa.

SOMO LA KWANZA: MAADILI NI KILE UNACHOKATAA

Wazee wetu walikuwa na jina la biashara iliyosimama juu ya neno la mtu: mali kauli. Mtu alichukua bidhaa bila kulipa, kwa kauli yake tu, akaziuza, kisha akarudisha thamani yake. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kisha yakarejea na kusi. Deni lililofungwa msimu mmoja liliweza kungoja msimu mwingine, na katikati hapakuwa na simu ya kumkumbusha mdeni. Kilichokuwapo ni jina lake. Aliyelichafua alibaki ufukweni akitazama wenzake wakipakua.

Mfano mwingine uko Biashara Street mpaka leo. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na leso zake zikajulikana kwa alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Husemwa kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kutia jina kwenye leso, yaani ule msemo wa chini. Maneno hayo zamani yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye yakaja kwa herufi za Kirumi tunazozisoma leo. Mwanamke anayejua leso haangalii rangi peke yake. Huigusa, huisoma, na huuliza ni ya nani. Alama kama ile humwambia mnunuzi, hata aliye mbali na duka, ni nani wa kurudiwa kitambaa kikichuja. Mwenye kuitia amejifunga mbele ya kila atakayeinunua.

Hayo ndiyo maadili ya biashara, na ndiyo maana sipendi vile vibao vya ukutani vilivyoandikwa "Uadilifu, Ubora, Huduma Bora". Maneno hayo yanaweza kutundikwa katika duka lolote, la mkweli na la mwizi, kwa sababu hayamkatazi mtu chochote. Maadili ya kweli yanafanana zaidi na miiko: yanataja jambo ambalo hutalifanya hata likiwa na faida. Yaandike kama vitendo, kwa maneno ambayo mfanyakazi wako wa kwanza atayaelewa bila kufafanuliwa. Mifano:

Hatupunguzi kipimo. Kilo ni kilo, na mzani umeelekezwa kwa mteja.

Bei ni moja kwa jirani, kwa mgeni wa bara na kwa mtalii.

Chakula kilicholala hakiuzwi kama cha leo.

Hatupokei kazi tusiyoweza kuimaliza kwa siku tuliyoitaja.

Huo mwiko wa mwisho nitauzungumza zaidi, kwa sababu ndio unaovunjwa sana kwetu, hasa msimu wa Idd. Chukua fundi wa nguo anayeweza kutoa nguo tatu kwa siku. Katika siku 20 za kazi ana uwezo wa nguo 60. Akipokea arubuni ya nguo 90, basi nguo 30 amezipokea kwa uongo, hata kama hakutamka neno la uongo. Hesabu hiyo aliijua tangu siku ya kwanza. Usiku wa kuamkia Idd kutakuwa na watu 30 mlangoni, watoto wengine wanalia, na mama anayeondoka bila nguo ataondoka na shangazi zake, mashoga zake na majirani zake wote. Arubuni 30 zilimfurahisha fundi kwa wiki tatu. Hasara yake itamfuata mwaka mzima, wala haitaonekana popote katika daftari, maana mteja asiyerudi haandikwi.

Dawa yake ni ndogo na ni chungu. Weka daftari la nafasi. Siku 20, nafasi tatu kila siku. Zikijaa, sema zimejaa, na umwelekeze mteja kwa fundi mwingine unayemwamini. Nimeona mafundi waliofanya hivyo wakilalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wateja walianza kuleta vitambaa mapema, Ramadhani ikiwa bado, ili wapate nafasi.

Hapo ndipo kipimo cha maadili kilipo. Mtu akinitajia mwiko wa biashara yake, humuuliza ni siku gani ulimpotezea pesa. Kama hana siku ya kuitaja, bado hajajua kama anao.

Na kabla sijaliacha somo hili: mwiko wa kwanza kabisa ni kutokula pesa za biashara kama za nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jilipe mshahara, hata ukiwa mdogo, na usiguse droo. Mwenye duka anayechota kwenye droo mbele ya wafanyakazi amewafundisha kuchota.

SOMO LA PILI: KUAJIRI NI KUKABIDHI JINA LAKO

Pwani tunaajiri damu. Mpwa anakaa dukani, binamu anashika pesa, mtoto wa jirani anapeleka mizigo. Sioni kosa katika hilo kwa asili yake. Mtu unayemjua wazazi wake ana mengi ya kumzuia asikuibie. Taabu huanza pale ambapo jamaa hakuajiriwa, bali amewekwa. Mama amepiga simu: "Mchukue mdogo wako akae nawe dukani, hapa nyumbani analala tu." Hana saa za kuingia, hana kazi iliyotajwa, hana mshahara unaojulikana. Akichelewa huwezi kusema, kwa sababu utaambiwa umekuwa na kiburi. Naye akidhulumiwa hawezi kudai, kwa sababu ataambiwa hana shukrani.

Ushauri wangu ni mmoja: jamaa apewe masharti yale yale ambayo ungempa mgeni. Saa, kazi, mshahara, siku ya kupumzika, yote kwa maandishi. Ukiona haya kumwandikia mpwa wako mkataba, usimpe kazi. Msaidie kwa njia nyingine, na udugu wenu utabaki.

Kisha jua unatafuta nini. Kuna kazi za mkono na kuna kazi za amana. Fundi wa friji, mpishi wa biriani na mshonaji ni kazi za mkono, na mkono hupimwa kwa kazi. Mpe kitambaa, mpe jiko, umtazame, na umlipe siku hiyo hata kama humchukui. Mtu anayeomba kazi asifanyishwe bure kwa jina la majaribio. Mwenye kushika pesa, mwenye kujibu simu na mwenye kupeleka mzigo kwa mteja ni kazi za amana. Mtu wa kazi hizo utamfundisha bei na bidhaa kwa wiki chache, lakini tabia anakuja nayo.

Wapo wanaompima kijana kwa kuacha noti chini ya meza waone kama ataiokota. Siipendi njia hiyo. Anayeiona noti na kukurudishia amejua kwamba unamtega, na umemfundisha siku ya kwanza kwamba nyumba hii huwindana. Mimi huangalia mambo mengine. Anamjibu vipi mteja anayeuliza bei za vitu kumi na kuondoka bila kununua? Anasema vipi na dereva wa tuktuk aliyeleta mzigo? Akiambiwa mambo matatu, anayaandika au anatingisha kichwa tu? Akikosa kujua kitu, anauliza au anabuni? Huyu wa mwisho, anayebuni, ndiye ghali kuliko wote, kwa sababu atamwahidi mteja chochote ili aondoke mbele yake, na wewe ndiye utakayelipa.

Wadhamini nao tunawaandikisha bila kuwapigia. Wapigie wawili waliofanya naye kazi, wasiwe jamaa zake, na uwaulize swali moja: "Ungepata nafasi, ungemchukua tena?" Sikiliza jibu, na usikilize pia muda unaopita kabla ya jibu.

Wapi pa kutafuta? Tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho wazee bado wanakikumbuka kwa jina la MIOME. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na vyuo vya ufundi vya kaunti ambavyo vijana wake wanatafuta mahali pa kufanya mazoezi ya kazi. Na tuna kundi ambalo waajiri wetu hulisahau: akina mama wenye ujuzi waliokaa nyumbani kwa sababu kazi zote zinataka mtu kuanzia asubuhi mpaka usiku. Ukiweza kugawa siku mara mbili, kuanzia watoto wanapokwenda shule mpaka wanaporudi, utapata mikono ambayo mshahara mkubwa usingeipata.

Hapa kuna kisa kutoka mbali ambacho nakitumia sana. Marekani kuna kampuni ya kuuza viatu mtandaoni inayoitwa Zappos, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Amazon mwaka 2009. Chini ya mkuu wake Tony Hsieh, ambaye alifariki mwaka 2020, kampuni hiyo iliandika maadili 10 na kuyatumia katika kuajiri. Mfanyakazi mpya alipitishwa katika mafunzo ya wiki kadhaa, kisha akaambiwa: ukiona kazi hii si yako, ondoka leo, tutakulipa siku ulizofanya na tutakuongeza bahashishi juu yake. Kiwango hicho kilifikia dola 2,000, na baadaye kikapanda. Wengi walikataa pesa wakabaki. Kampuni ilijua kwamba mtu asiyeipenda kazi, akibaki kwa ajili ya mshahara tu, atawagharimu zaidi ya dola hizo.

Biashara ya Kisauni haina dola 2,000 za kumpa mtu aondoke. Lakini fikra yake tunaiweza. Mwisho wa mwezi wa kwanza, kaa na mfanyakazi wako, mpe mshahara wake kamili mkononi, kisha umuulize kwa upole kama kazi inamfaa. Mwambie akitaka kuondoka ataondoka bila lawama, na utamwandikia barua ya kweli. Atakayebaki baada ya mazungumzo hayo amechagua mwenyewe.

Sheria nayo usiiogope. Isome. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ukiongezwa iwe kwa makubaliano. Mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Mama anapojifungua ana miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba ana wiki mbili. Anayelipwa kwa mwezi hupewa ilani ya siku 28 kwa maandishi. Ukitaka kumfuta kwa kosa au kwa kazi mbovu, ni lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikize, akiwa pamoja na mwenzake wa kazini aliyemchagua. Na yule unayemwita kibarua miaka nenda miaka rudi, ujue kwamba akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, sheria inaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki zote hizo. Ongeza juu yake michango ya NSSF, SHA na ushuru wa nyumba. Yapigie hesabu haya kabla ya kuajiri, ili usije ukaahidi mshahara usioujua gharama yake.

Mambo mawili yatakusaidia kubaki na mtu mzuri. La kwanza ni tarehe ya mshahara. Mshahara wa tarehe 5 unaolipwa tarehe 17 humfundisha mfanyakazi kwamba ahadi katika duka hili ni maneno tu, naye atakwenda kuwafanyia wateja vivyo hivyo. La pili ni kumpa ruhusa. Mwambie: mteja akija na malalamiko ya haki, una idhini ya kumrudishia pesa au kumbadilishia kitu mpaka shilingi 500 bila ya kunipigia simu. Andika tu kilichotokea. Mteja aliyetatuliwa jambo lake papo hapo huwa karibu nawe kuliko alivyokuwa kabla ya kukosewa, na mfanyakazi aliyeaminiwa hutembea tofauti.

SOMO LA TATU: MTANDAO NI BARAZA, SI KIPAZA SAUTI

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimesikia wazee wakiutumia usemi huu kuwakataza vijana wao kuweka duka mtandaoni. Zamani ulitosha, kwa sababu wanunuzi wote walipita njia moja. Leo mnunuzi wa mahamri yako anaishi Nyali na hajawahi kukanyaga mtaa wako. Chema nacho kinahitaji kuonekana. Lakini usemi bado una onyo ndani yake: kutembezwa hakukigeuzi kibaya kuwa chema. Mtandao utaongeza kile ulicho nacho. Kama ahadi zako zinavunjika kwa wateja 10, zitavunjika kwa 1,000, na hao wana simu za kusemea.

Anza na kimoja au viwili, usitawanyike. Kwa biashara nyingi za kwetu, WhatsApp ndiyo ya wateja unaowajua, na Instagram au TikTok ni ya kuonekana na wasiokujua. WhatsApp Business ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2018. Ina orodha ya bidhaa yenye picha na bei, saa za kazi, na majibu unayoweza kuyaandaa mapema. Jua pia jinsi inavyofanya kazi. Picha ya "status" hutoweka baada ya saa 24. Ujumbe wa pamoja, ule wa "broadcast", humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Basi mteja akinunua, muombe aihifadhi. Akikataa, heshimu. Hakuna kinachomchosha mtu kama kuingizwa katika kundi la mauzo usiku bila kuulizwa.

Andika bei. Ile desturi ya "bei inbox" inamfanya mteja ashuku kwamba atapangiwa bei kulingana na picha yake au jina lake. Ikiwa mwiko wako ni bei moja kwa wote, hapa ndipo unapouonyesha. Piga picha ya kitu chako mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Picha iliyochotwa katika katalogi ya Dubai au Uturuki ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Kama ni chakula, sema sinia linatosha watu wangapi. Kama ni nguo, sema urefu. Kama ni kazi, sema siku. Na taja saa za kujibu. Ni bora uandike "tunajibu saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku" na ufanye hivyo, kuliko kunyamaza siku mbili kisha ukajibu saa sita za usiku.

Malalamiko yakija hadharani, yajibu hadharani mara moja, kwa ufupi: pole, tumeona, namba hii hapa tuyamalize. Yakishatatuliwa, rudi pale pale useme yalivyokwisha. Usifute maoni isipokuwa yana matusi, na kamwe usichapishe mazungumzo yako ya siri na mteja ili kumuumbua. Hata ukiwa na haki, wote wanaosoma watajiuliza siku yao itakuwa lini.

Sasa niseme juu ya picha za watu, maana hapa pwani jambo hili lina uzito wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 afisi ya Kamishna wa Data ilitoza sehemu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Faini hizo zingetosha kuzifunga biashara nyingi ninazozijua.

Lakini hata faini isingekuwapo, fikiria harusi zetu. Mpambaji, mchora hina na piko, na mpishi wote huingia upande wa wanawake, ambako simu mara nyingi zimekatazwa mlangoni. Bi harusi amekaa bila buibui kwa sababu yuko miongoni mwa wanawake wenzake. Mpambaji akimpiga picha ili aonyeshe kazi yake, na picha ikatoka, hakuna kuirudisha. Nimeona familia mbili zikiacha kusemezana kwa picha moja. Weka mwiko: uso wa mteja hautoki bila idhini ya maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unaosema "nakubali picha hii", picha yenyewe ikiwa imeambatishwa. Mchora hina anaweza kuonyesha mikono peke yake, na mpambaji anaweza kuonyesha ukumbi kabla ya watu kuingia. Wateja wa kwetu wakijua kwamba kwako siri yao iko salama, hilo litakuletea kazi zaidi ya picha mia.

Pesa nazo zina adabu zake mtandaoni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumezoea kulipana kwa simu, na matapeli nao wamezoea. Tumia namba ya till iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mteja aone jina analolijua. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mnunuzi. Angalia yako kwanza. Mteja naye anaogopa kulipa mbele, na hofu yake ni ya haki, maana wengi wameliwa. Aliye karibu, mruhusu alipe akipokea. Nguo ya kushonwa, chukua arubuni na umpe risiti. Mzigo wa Lamu au Malindi, mtumie picha ya kifurushi na ya risiti ya basi kabla hajauliza.

Mwisho, funguo za mtandao ni zako. Laini ya simu ya duka isajiliwe kwa jina lako au la kampuni, si la kijana anayeshughulikia kurasa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na neno la siri libadilishwe mfanyakazi anapoondoka, hata akiondoka kwa wema. Nimemwona mama mmoja wa mapishi akipoteza wateja wa miaka minne kwa sababu namba ya duka ilikuwa ya mpwa wake, na mpwa akapata kazi Qatar.

Usihesabu wafuasi. Hesabu maagizo. Weka safu moja katika daftari, na kila mnunuzi mpya umuulize: umetujua vipi? Baada ya miezi mitatu utajua kama ni TikTok, ni "status", au ni mama mmoja wa Bamburi anayekusifu kila arusi anayokwenda. Ukikuta ni yeye, mpelekee sinia la biriani na umshukuru.

PA KUANZIA WIKI HII

Kama una biashara tayari, fanya mambo matatu kabla ya Jumamosi. Andika miiko mitatu kwa maneno ya kawaida, mmoja wao uwe na namba ndani yake: siku, kilo au shilingi. Wasomee wanaofanya kazi nawe, na uwaulize ni upi unaovunjwa. Watakuambia, ukinyamaza kidogo. Kisha fungua ukurasa wako wa mtandaoni uupitie kama mteja, na ukifute kila kitu ulichokiahidi ambacho duka haliwezi kukitoa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mtaji. Anayekopesha, awe benki, chama au ami yako, huuliza jambo lile lile waliloliuliza wenye majahazi: je, huyu akisema hutimiza?